Kipokezi cha Seli T: Historia ya Ugunduzi Wake na Suala la Kiasi katika Kinga na Mchochota

1. Utangulizi

Kitenzi kukinga kina maana mbili katika Kiswahili. Mtu hukinga mvua kwa mwavuli ili asilowe, na mtu hukinga maji ya mvua kwa ndoo ili apate ya kutumia. Katika maana ya kwanza anazuia. Katika maana ya pili anapokea. Neno kinga lilipoteuliwa kuwa jina la uwezo wa mwili wa kupambana na maradhi, yamkini ni maana ya kwanza iliyokusudiwa. Hata hivyo, historia ya elimu ya kinga katika nusu ya pili ya karne ya 20 yaonyesha kwamba maana ya pili inafaa vilevile. Mwili hauwezi kumzuia adui kabla ya kumpokea, yaani kabla ya kumgusa na kumtambua. Katika kundi moja kubwa la chembe nyeupe za damu, chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa kipokezi cha seli T.

Neno jingine linalohitaji kufafanuliwa tangu mwanzo ni mchochota. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, alitaja dalili zake nne: wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Dalili hizo hutokea damu na chembe za kinga zinapomiminika mahali palipojeruhiwa au palipoingiliwa na vijidudu. Kwa asili yake mchochota ni msaada. Lakini ukipita kiasi, au ukiendelea pasipo sababu, huwa wenyewe ndio ugonjwa.

Makala haya yanafuatilia jinsi kipokezi cha seli T kilivyotafutwa, kilivyopatikana na kilivyochambuliwa sehemu baada ya sehemu. Hoja inayojengwa ni kwamba sehemu za kipokezi hicho hazina kazi moja. Zipo zinazotambua, na zipo zinazotangaza kilichotambuliwa. Historia ya sehemu hizi za pili imewafundisha wataalamu jambo ambalo hawakulitarajia: mchochota unaodhuru hauletwi na ishara iliyozidi peke yake, bali hata ishara iliyopungua huweza kuuleta. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika Kongo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya sita.

2. Tezi iliyodharauliwa

Hadi kufikia mwaka 1960, vitabu vya tiba vilikuwa na machache ya kusema juu ya thimusi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kidari. Tezi hiyo ni kubwa utotoni, kisha hunywea kadiri mtu anavyokua. Kwa kuwa chembe nyingi hufa ndani yake, wengi waliiona kuwa makaburi ya chembe na masalio ya kale yasiyo na kazi.

Mwaka 1961 Jacques Miller, aliyekuwa akichunguza saratani ya damu ya panya katika taasisi ya Chester Beatty mjini London, alitangaza matokeo yaliyopingana na maoni hayo. Alikuwa amewaondolea thimusi panya waliozaliwa punde. Panya hao walidhoofika, walishambuliwa na maambukizo, na damu yao ilipungukiwa na limfositi. Zaidi ya hayo, walipopandikizwa ngozi ya panya wa nasaba nyingine hawakuikataa. Miaka michache baadaye, mjini Melbourne, Miller na mwanafunzi wake Graham Mitchell walionyesha kwamba limfositi ni za aina mbili. Mwaka 1968 walithibitisha kwamba zile zitokazo katika uboho wa mifupa ndizo zinazotengeneza kingamwili, na zile zilizopita katika thimusi huzisaidia. Kabla yao, mwaka 1956, Bruce Glick huko Marekani alikuwa ameona kwamba kuku walioondolewa kifuko cha Fabricius hawatengenezi kingamwili ipasavyo. Ndipo yalipotoka majina yanayotumika hadi leo: seli T kwa ajili ya thimusi, na seli B kwa ajili ya kifuko hicho, ambacho jina lake la Kilatini huanza na herufi B.

Ugunduzi huo ulizaa swali gumu. Macfarlane Burnet wa Australia alikuwa amependekeza mwaka 1957 kwamba kila limfositi huzaliwa na kipokezi cha namna moja tu, na kwamba adui anapoingia huichagua ile inayomfaa, nayo huongezeka kwa wingi. Kwa seli B jibu lilikuwa rahisi: kipokezi chake ni kingamwili iliyopachikwa juu ya utando wake. Je, seli T hutambua kwa kutumia nini?

Swali hilo lilizidi kuwa gumu mwaka 1974. Huko Canberra, Rolf Zinkernagel wa Uswisi na Peter Doherty wa Australia waligundua kwamba seli T za panya aliyeambukizwa virusi huua chembe zenye virusi hivyo iwapo tu chembe hizo zina molekuli za utambulisho sawa na za panya huyo. Chembe zenye virusi vilevile, lakini za panya wa utambulisho tofauti, hazikuguswa. Kwa hiyo seli T haimtazami adui peke yake. Humtazama adui akiwa ameshikwa na molekuli ya mwili wenyewe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Lakini mwaka 1974 hakuna aliyejua kama seli T ina vipokezi viwili, kimoja cha adui na kimoja cha utambulisho, au kimoja kinachotambua vyote viwili kwa pamoja.

3. Msako wa kipokezi

Msako ulichukua takriban miaka kumi, nao haukukosa aibu. Ripoti kadhaa za miaka ya 1970 zilizodai kwamba kipokezi kimepatikana hazikuweza kurudiwa na maabara nyingine. Kilichobadili mambo ni mbinu mbili mpya. Ya kwanza ni ile ya Georges Köhler na César Milstein, ambao mwaka 1975 huko Cambridge waliweza kutengeneza kingamwili ya namna moja tu kwa wingi wowote unaotakiwa. Kwa mbinu hiyo wataalamu waliweza kutengeneza kingamwili zinazonata kwenye seli T ya ukoo mmoja na kuziacha nyingine zote. Kati ya 1982 na 1983, James Allison na wenzake, Kathryn Haskins pamoja na John Kappler na Philippa Marrack, na Stefan Meuer pamoja na Ellis Reinherz, walifikia jibu moja wakiwa katika maabara mbalimbali za Marekani: kipokezi ni jozi ya protini mbili zilizounganishwa. Zikaitwa mnyororo wa alfa na mnyororo wa beta.

Mbinu ya pili ilihusu jeni. Susumu Tonegawa wa Japani, akifanya kazi mjini Basel, alikuwa ameonyesha mwaka 1976 kwamba jeni za kingamwili hukatwa na kuungwa upya ndani ya seli B, ndiyo sababu vipande vichache huzaa kingamwili za aina zisizohesabika. Stephen Hedrick na Mark Davis, wakiwa Bethesda, walikisia kwamba jeni za kipokezi cha seli T lazima zifanye vivyo hivyo. Walichukua ujumbe wa jeni ulio hai katika seli T na kuondoa ule wote unaopatikana pia katika seli B. Kwa kuwa chembe hizo mbili ni ndugu, kilichobaki kilikuwa takriban asilimia 2 tu. Ndani ya salio hilo walitafuta jeni iliyokatwa na kuungwa upya katika seli T, lakini iliyo nzima katika chembe nyingine. Waliipata. Huko Toronto, Tak Mak na kundi lake waliipata jeni kama hiyo katika seli za binadamu. Matokeo ya makundi yote mawili yalichapishwa katika toleo moja la jarida la Nature la tarehe 8 Machi 1984. Jeni hiyo ilikuwa ya mnyororo wa beta. Ya alfa ilipatikana mwaka huohuo.

Mwaka 1986 swali la Canberra likapata jibu. Zlatko Dembić na wenzake walihamisha jeni za alfa na beta kutoka seli T moja hadi nyingine. Seli iliyopokea ilianza kumtambua adui yuleyule akiwa na utambulisho uleule. Kipokezi, basi, ni kimoja, nacho hutambua vyote viwili kwa pamoja.

4. Minyororo isiyotambua

Wengi wangeweza kudhani kwamba kazi imekwisha. Lakini alfa na beta zilikuwa na kasoro moja iliyoonekana mara tu mfuatano wao uliposomwa. Sehemu zao zinazopenya hadi ndani ya seli ni fupi mno, asidi amino chache tu. Zaweza kumshika adui upande wa nje, lakini hazina njia ya kuipasha habari seli yenyewe.

Watangazaji walikuwa wamekwisha kuonekana kabla ya watambuzi, ila hawakujulikana kazi yao. Mwaka 1979 Patrick Kung, Gideon Goldstein, Ellis Reinherz na Stuart Schlossman walieleza kingamwili iliyoitwa OKT3, inayonata kwenye seli T zote zilizokomaa. Kile ilichonata kilikuja kuitwa CD3. Uchunguzi uliofuata, hasa wa Cox Terhorst na wenzake mjini Boston, uliigawanya CD3 katika minyororo mitatu: gama, delta na epsiloni. Mwaka 1985 Lawrence Samelson na Richard Klausner waliongeza mnyororo wa zeta. Leo inafahamika kwamba kipokezi kamili kina minyororo minane iliyopangwa katika jozi nne: alfa na beta, delta na epsiloni, gama na epsiloni, zeta na zeta. Mwaka 2019 kundi la wataalamu wa Harbin, nchini China, lilichapisha picha ya umbo lote la minyororo hiyo minane ikiwa pamoja.

Namna minyororo hii inavyotangaza ilidokezwa mwaka 1989 na Michael Reth wa Freiburg. Katika barua fupi, Reth alionyesha kwamba mikia ya CD3 na zeta, pamoja na mikia ya vipokezi vya seli B, ina mpangilio mmoja unaojirudia, wenye asidi amino mbili za tairosini zilizoachana kwa nafasi maalumu. Katika CD3 gama, delta na epsiloni mpangilio huo hutokea mara moja kwa kila mnyororo. Katika zeta hutokea mara tatu. Kwa kuwa kipokezi kamili kina epsiloni mbili na zeta mbili, jumla ni mipangilio kumi. Hakuna kipokezi kingine cha kinga kinachojulikana kuwa na mingi kiasi hicho.

Kazi yenyewe huendelea kwa hatua. Kipokezi kinapomshika adui, vipokezi wasaidizi viitwavyo CD4 au CD8 huishika molekuli ileile ya utambulisho na kuleta karibu kimeng'enya Lck, ambacho uhusiano wake na CD4 uligunduliwa mwaka 1988. Lck hupachika fosfati kwenye tairosini za mikia. Tairosini zilizopachikwa fosfati huwa mahali pa kushikia kimeng'enya kingine, ZAP-70, kilichoelezwa na Andrew Chan na Arthur Weiss mwaka 1992. ZAP-70 nayo hupachika fosfati kwenye protini LAT, iliyotambuliwa mwaka 1998, na kutoka hapo habari husambaa hadi kwenye kiini cha seli. Seli huanza kugawanyika na kutoa sitokini, yaani protini ndogo ambazo chembe hutumia kupelekeana habari na ambazo huuwasha mchochota.

Kwamba utangazaji waweza kutenganishwa na utambuzi kulithibitishwa mwaka 1991. Bryan Irving na Arthur Weiss walichukua mkia wa zeta na kuuunga na sehemu ya nje ya CD8. Molekuli hiyo haikuwa na alfa wala beta, lakini ilipochochewa, seli iliamka kana kwamba imemwona adui. Mkia peke yake ulitosha kuuamsha mchakato mzima.

5. Kuzidi na kupungua

Jaribio la maabara lilikuwa limetanguliwa na somo la hospitalini. Tangu mwaka 1981 madaktari wa Boston walianza kuwapa OKT3 wagonjwa waliopandikizwa figo, ili kuzuia miili yao isiikatae. Mwaka 1986 serikali ya Marekani iliiidhinisha, ikawa kingamwili ya kwanza ya namna hiyo kuruhusiwa kuwa dawa ya binadamu. Dawa hiyo iliokoa figo nyingi. Lakini saa chache baada ya dozi ya kwanza wagonjwa walipatwa na homa kali, kutetemeka, kutapika, na mara nyingine mapafu kujaa maji. Sababu ilikuwa wazi baadaye. OKT3, kabla ya kuzizima seli T, iliishika CD3 na kuziamsha zote kwa pamoja. Sitokini zilimiminika katika damu, na mchochota ulienea mwili mzima pasipo adui yeyote.

Maumbile nayo yana hila kama hiyo. Katika hali ya kawaida, adui mmoja hutambuliwa na seli T chache mno, pengine moja kati ya laki moja. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Marrack na Kappler mjini Denver walionyesha kwamba baadhi ya sumu za bakteria wa stafilokoki hazifuati utaratibu huo. Huunganisha molekuli ya utambulisho na ubavu wa mnyororo wa beta, bila kujali kipokezi kinamtambua nani. Kila seli yenye beta ya ukoo fulani huamka, na hivyo sumu moja yaweza kuamsha hadi seli moja katika kila tano. Ndivyo unavyotokea mshtuko wa sumu, ambao huweza kuua kwa siku chache.

Onyo lililo kali zaidi lilitolewa London tarehe 13 Machi 2006. Vijana sita wenye afya, waliojitolea kwa jaribio la dawa, walipewa kingamwili TGN1412. Kingamwili hiyo haikulenga CD3 bali CD28, kipokezi kinachotoa ishara ya pili, ile inayoithibitisha ishara ya kwanza. Ilikuwa imeundwa kwa namna ambayo iliweza kuamsha seli T bila ishara ya kwanza kuhitajika. Katika muda wa saa moja na nusu walianza kuumwa. Wote sita walilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, viungo vikishindwa kufanya kazi. Wote waliponea chupuchupu. Majaribio ya awali kwa nyani hayakuwa yameonyesha hatari, na baadaye ilibainika kwamba seli T za kumbukumbu za nyani hao, tofauti na za binadamu, hukosa CD28.

Kutokana na mifano hii mtu angeweza kuhitimisha kwamba ishara ikiwa kali mchochota huwa mkali, na ikipungua mchochota hupungua. Uchunguzi wa mwanzoni mwa karne ya 21 ulivunja dhana hiyo. Mwaka 2003 Noriko Sakaguchi, Shimon Sakaguchi na wenzao huko Japani walieleza ukoo wa panya waliokuwa wakipatwa na ugonjwa wa viungo unaofanana na baridi yabisi ya binadamu. Chanzo kilikuwa badiliko moja katika jeni ya ZAP-70, lililoifanya ishikamane vibaya na mkia wa zeta. Ishara ya panya hao ilikuwa hafifu kuliko kawaida, lakini viungo vyao viliungua kwa mchochota. Mwaka mmoja kabla yake, makundi mawili yalikuwa yamebadili tairosini moja tu ya LAT katika panya. Badala ya kinga kuzimika, seli T za panya hao ziliongezeka bila kikomo na viungo vyao vikajaa mchochota wa aina ya mzio.

Ufafanuzi unapatikana katika thimusi. Humo seli T changa hupimwa: ile inayoushika mwili wenyewe kwa nguvu mno huuawa. Kipimo ni ukali wa ishara. Mkia ukitangaza kwa sauti ndogo kuliko inavyostahili, seli ya hatari huonekana salama, hupita mtihani na kuingia katika damu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika panya wa Japani, kiwalacho kilipita kwa sababu bawabu alikuwa na usikivu hafifu. Aidha, baadhi ya seli T zilizo na kazi ya kutuliza nyingine, ambazo Shimon Sakaguchi alizitambulisha mwaka 1995, nazo huhitaji ishara ya kiasi maalumu ili zizaliwe. Kazi hiyo ya seli tulizi ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2025, pamoja na Mary Brunkow na Fred Ramsdell.

6. Kinshasa na sokwe wa Tanganyika

Mwaka 1984, ambao jeni ya beta ilichapishwa, ulikuwa na tukio jingine lililoihusu seli T, na mahali pake ni Kinshasa. Mwezi Oktoba 1983 wataalamu wa Ubelgiji na Marekani, wakishirikiana na madaktari wa Zaire kama ilivyoitwa nchi wakati huo, miongoni mwao Kapita Bila wa hospitali ya Mama Yemo, walichunguza wagonjwa waliodhoofika kwa maradhi yasiyoeleweka. Ripoti yao ya Julai 1984 iliwaeleza wagonjwa 38, wanaume na wanawake karibu sawa kwa idadi, waliokuwa wamepungukiwa sana na seli T saidizi. Uwiano huo wa wanaume na wanawake ulionyesha kwamba UKIMWI haukuwa ugonjwa wa kundi fulani la watu. Kabla ya mwaka kwisha, maabara za Uingereza na Ufaransa zilithibitisha kwamba mlango wa virusi hivyo ni CD4, kipokezi msaidizi kilekile kinachomleta Lck karibu na mikia ya CD3.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba virusi huua seli T moja moja mpaka zinakwisha. Lakini hesabu haikukamilika, kwa kuwa seli zilizokufa zilikuwa nyingi kuliko zile zilizoambukizwa. Mwaka 1999 Janis Giorgi na wenzake mjini Los Angeles walionyesha kwamba kiwango cha kuamka kwa seli T kilibashiri maisha ya mgonjwa vizuri kuliko wingi wa virusi katika damu. Mwili wenye UKIMWI, kwa maneno mengine, si mwili uliolala tu. Ni mwili unaowaka kwa mchochota usiokoma, ambao seli zake huchakaa kwa kuamshwa kila siku.

Tumbili aitwaye mangabei wa masizi, mkazi wa misitu ya Afrika Magharibi, alitoa ulinganisho. Mnyama huyo hubeba virusi vya jamii hiyohiyo kwa wingi mkubwa katika damu yake, na kwa kawaida haugui. Mwaka 2006 Michael Schindler, Frank Kirchhoff na wenzao walilinganisha protini iitwayo Nef kutoka virusi vingi vya jamii hiyo. Nef ya virusi vya mangabei, kama ile ya aina nyingi nyingine na ya VVU-2, huiondoa CD3 juu ya seli iliyoambukizwa. Seli hiyo haiwezi tena kuamshwa kwa njia ya kipokezi chake. Nef ya VVU-1, pamoja na ya virusi vya sokwe ambavyo VVU-1 ilitokana navyo, imepoteza uwezo huo. CD3 hubaki mahali pake, seli huendelea kupokea ishara, na mchochota huendelea. Katika mangabei wenyewe, wale ambao Nef yao ilikuwa dhaifu katika kuiondoa CD3 walikuwa na seli za CD4 chache zaidi.

Hii si sababu pekee ya tofauti hiyo. Bakteria wanaopenya kutoka katika utumbo ulioharibiwa nao huchangia kuuchochea mchochota, na mwili wa mangabei una njia zake za kuutuliza. Hata hivyo, ushahidi wa sokwe unaelekea upande uleule. Ilidhaniwa zamani kwamba sokwe nao hubeba virusi vyao bila madhara. Mwaka 2009 ilichapishwa ripoti ya miaka mingi ya uangalizi huko Gombe, upande wa Tanzania wa Ziwa Tanganyika. Sokwe walioambukizwa walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri sawa. Ukoo wa virusi uliopoteza uwezo wa kuiondoa CD3 huua, kwa sokwe na kwa binadamu.

Uchunguzi wa jeni za virusi umeonyesha kwamba ukoo huo uliingia kwa binadamu kutoka kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni, na kwamba tangu mnamo 1920 ulienea kutoka Kinshasa, wakati huo Léopoldville, kwa njia za reli na mito. Damu ya mtu wa mji huo iliyohifadhiwa tangu 1959 ndiyo yenye VVU-1 ya kale kuliko zote zilizothibitishwa. Sababu za kuenea ni za historia ya jamii: ukoloni, miji, usafiri. Lakini ukali wa kilichoenea ulihusika pia na kitu kidogo kisichoonekana: iwapo mnyororo fulani unabaki juu ya seli au unaondolewa.

7. Kuitawala ishara

Maarifa yaliyopatikana kwa hasara yametumika kwa faida. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake huko Rehovot, Israeli, waliunga sehemu ya kingamwili inayotambua na sehemu ya kipokezi cha seli T inayotangaza. Baadaye mkia wa zeta ukawa ndio unaotumika katika molekuli hizo. Seli T za mgonjwa zenye kipokezi hicho cha kuundwa zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya aina fulani ya saratani ya damu ya watoto. Madhara yake makuu yanafanana na yale ya OKT3: sitokini kumiminika kwa wingi. Lakini safari hii madaktari walikuwa na dawa ya kuizuia sitokini iliyo kubwa miongoni mwao, nayo iliidhinishwa kwa matumizi hayo siku ileile.

OKT3 yenyewe ilipata mrithi. Teplizumab ni kingamwili inayoishika CD3 ileile, ila mkia wake umebadilishwa ili isiziamshe seli T kwa kishindo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019, watu 76 waliokuwa katika hatari kubwa ya kisukari cha aina ya kwanza walipewa ama dawa hiyo kwa siku 14 ama maji yasiyo na dawa. Kwa waliopewa dawa, muda wa kati kabla ya ugonjwa kuanza ulikuwa miezi 48. Kwa wengine, miezi 24. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2022. Kitu kilekile kilichowaangusha wagonjwa wa figo kwa homa kali mwaka 1981 kiliguswa kwa kiasi kingine, kikatuliza.

8. Hitimisho

Historia iliyosimuliwa imepita katika maswali matatu. Kuanzia 1961 hadi 1974 iliulizwa: je, seli T ni nini? Kuanzia 1974 hadi 1986: hutambua kwa kitu gani? Tangu hapo swali limekuwa: hutangaza kwa kiasi gani? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yamekamilika kwa sehemu kubwa. La tatu lingali wazi, kwa sababu kiasi kinachofaa hutofautiana baina ya thimusi na damu, baina ya mtoto na mzee, na baina ya saratani, inayotaka ishara iongezwe, na kisukari, kinachotaka ipunguzwe.

Kwa hospitali za Kongo swali hilo si la nadharia. Dawa za kupunguza makali ya VVU huvizuia virusi visiongezeke na hushusha mchochota, lakini kwa wagonjwa wengi hauishi kabisa, na maradhi ya moyo huwapata mapema kuliko wengine. Maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015, kwamba matibabu yaanze mara tu mtu anapogunduliwa kuwa na virusi, yana msingi wake hapa: kila mwaka wa kungoja ni mwaka ambao seli T huamshwa bure. Anayemweleza mgonjwa jambo hilo kwa Kiswahili hana haja ya kuanza na majina ya minyororo. Yatosha kumwambia kwamba virusi haviui seli tu. Huuwasha mwili pia, na dawa humezwa mapema, na kila siku, ili moto huo usipate kukua.